Kesi ya Timarchus: mwili wa raia mbele ya mahakama ya Athens

Timarchus ndiye aliyeanza kushitaki. Kabla kesi yake haijawafikia waamuzi akageuziwa kibao: akawa mshitakiwa yeye, akashindwa, akapoteza haki zake za uraia. Hii ilikuwa Athens, mwishoni mwa mwaka 346 KK au mwanzoni mwa 345. Hotuba iliyomwangusha ilitolewa na mwanasiasa mwenzake, Aeschines, nayo ingalipo hadi leo. Katika hotuba zote za mahakama za Kigiriki zilizobaki, hakuna nyingine inayozungumzia mapenzi baina ya wanaume kwa urefu kama hii.

Kwa hiyo hunukuliwa sana, na kila mtu huichota anapopataka. Wapo wanaoisoma wakasema: mnaona, hata Wagiriki walilichukia jambo hili. Wapo wanaosema: mnaona, kwa Wagiriki lilikuwa la kawaida kabisa. Wote wana mistari ya kuonyesha, na wote wamelikosa swali lenyewe. Waamuzi hawakuulizwa Timarchus alimpenda nani. Waliulizwa kama mtu mwenye maisha kama yake ana haki ya kupanda jukwaani na kuwashauri wananchi.

Tuanze na siasa, maana bila siasa kesi hii isingekuwapo. Mwaka 346 KK Athens ilifanya amani na Philip wa Pili, mfalme wa Makedonia. Miongoni mwa mabalozi 10 waliokwenda kwake walikuwamo Aeschines na Demosthenes, ambao walirudi wakiwa mahasimu. Wino wa mkataba haujakauka, Philip akapita Thermopylae, njia nyembamba ya kuingilia Ugiriki ya kati, na kuwaponda Wafosisi, marafiki wa Athens. Wananchi waliona wamechezewa shere. Demosthenes, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye ujumbe ule, alitafuta mtu wa kubeba lawama, na mtu huyo akawa Aeschines. Kila mtumishi wa umma wa Athens alipomaliza kazi alikaguliwa hesabu na mwenendo wake, na raia yeyote aliweza kujitokeza kumshitaki. Demosthenes na Timarchus wakajitokeza pamoja: Aeschines, walidai, alihongwa na Philip.

Timarchus hakuwa mtu mdogo. Alikuwa amekaa zaidi ya mara moja katika Baraza la watu 500, na mwaka huohuo wa amani alipendekeza adhabu ya kifo kwa yeyote atakayempelekea Philip silaha au vifaa vya meli. Alikuwa msemaji mkali, mwenye maazimio mengi kwa jina lake. Lakini alikuwa na doa, na jiji zima lililijua au lilidhani linalijua.

Aeschines hakusubiri kujitetea. Sheria ya Athens ilimruhusu raia kusimama katika Mkutano wa wananchi na kutangaza kwamba msemaji fulani hastahili kusema, kisha wakakutana mahakamani. Sheria hiyo ilitaja watu wa aina nne. Wa kwanza ni anayempiga baba au mama yake, au anayewanyima chakula na makazi. Wa pili ni aliyekwepa vita au aliyetupa ngao yake akakimbia. Wa tatu ni mwanamume aliyeuza mwili wake. Wa nne ni aliyetapanya urithi wa wazazi wake.

Orodha hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko wanavyofanya wengi wanaorukia kipengele cha tatu. Ukahaba umewekwa safu moja na woga wa vitani, utovu wa adabu kwa wazazi na ufujaji wa mali. Fikra inayoviunganisha vyote vinne ni kwamba mtu aliyeshindwa kuitunza nyumba yake hawezi kuaminiwa na nyumba ya watu wote. Aeschines analisema wazi: aliyeuza mwili wake mwenyewe kwa aibu ataiuza na dola bila kusita. Mwaka ule ambao kila mtu alikuwa akinong'ona habari za dhahabu ya Philip, maneno hayo yalichoma.

Sheria yenyewe haikukataza ukahaba. Athens ilikuwa na madanguro, na makahaba walilipa kodi ambayo Baraza liliipigisha mnada kila mwaka kwa wakusanyaji. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa, wanawake kwa wanaume, au wageni waishio jijini, na hakuna aliyefikiria kuwashitaki. Hata raia wa kiume aliyejiuza hakuguswa na sheria alimradi alikaa kimya. Alichokatazwa ni kuwa mmoja wa maarkoni 9 (maofisa wakuu wa jiji), kuwa kuhani, wakili wa umma, mtangazaji au balozi, na kutoa hoja kwenye Baraza au kwenye Mkutano. Akijitia kufanya hayo, palikuwa na sheria nyingine iliyoweza kumpeleka kwenye kifo. Kwa maneno mengine, raia maskini aliyefanya hivyo bandarini Piraeus, ambaye hajawahi kupanda jukwaani, aliishi bila kubughudhiwa. Sheria ilimwinda mwanasiasa.

Palikuwapo pia sheria za kuwalinda watoto wa kiume wa raia, na Aeschines anazisoma mwanzoni kabisa. Shule zisifunguliwe kabla ya jua kuchomoza, na zifungwe kabla halijatua. Anayegharimia kwaya ya watoto awe na umri unaozidi miaka 40. Mlezi aliyemkodisha mtoto kwa tendo hilo alishitakiwa, awe baba, kaka, ami au msimamizi. Aliyemkodi alishitakiwa vilevile, lakini mtoto hakuguswa. Na mtoto huyo akikua, hakulazimika tena kumlisha wala kumpa makazi baba aliyemkodisha. Alidaiwa kumzika tu, basi. Mimi naiona hiyo kuwa moja ya sheria nzito kuliko zote za Athens, maana wajibu wa kumtunza mzazi ulikuwa karibu na ibada.

Sasa twende mahakamani. Msomaji wa leo akiwazia jaji mwenye joho atapotea. Palikuwa na waamuzi mia kadhaa, kwa kawaida 501 katika kesi za umma, waliopatikana kwa kura ya bahati kutoka orodha ya raia 6,000 waliokula kiapo mwaka huo, wote wenye umri wa zaidi ya miaka 30. Kila mmoja alilipwa oboli 3 kwa siku, yaani nusu drakma. Hapakuwa na mtaalamu wa sheria wa kuwaongoza wala kikao cha faragha cha kujadiliana. Muda ulipimwa kwa maji yanayotiririka kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Mlalamikaji na mshitakiwa walisema wenyewe, hata kama hotuba iliandikwa na mtu mwingine kwa malipo. Ushahidi uliandikwa mapema, karani akausoma, na shahidi akaukiri kwa kusimama; hapakuwa na kuulizwa maswali ya kumbana. Kesi iliisha siku hiyohiyo, kwa kura za siri za vidonge vya shaba.

Mbele ya umati kama huo, sheria ni sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni kuwafanya watu 501 waone aibu pamoja.

Aeschines alijua kazi hiyo. Kabla ya siasa alikuwa mwigizaji wa tamthilia, na alikuwa na sauti nzuri ambayo hata adui zake waliikiri. Anasimulia maisha ya Timarchus kama safari ya nyumba kwa nyumba. Anasema mapema kwamba utoto wa Timarchus atauacha upite, asije akaonekana mkatili. Ataanzia alipokuwa na akili zake timamu. Kwanza alikaa Piraeus kwa Euthydicus, daktari, kwa kisingizio cha kujifunza udaktari. Kisha akahamia kwa Misgolas, mtu wa familia njema aliyejulikana kwa kupenda kuzungukwa na waimbaji na wapiga vinubi, ambaye, anadai Aeschines, alimpa fedha mapema ili aende kukaa kwake. Wakati wa maandamano ya sikukuu ya Dionysus, mungu wa mvinyo, kijana akatoweka. Misgolas na rafiki yake wakamsaka, wakamkuta akila na wageni fulani katika nyumba ya kupanga. Wakawatishia wageni wale jela kwa kumharibu kijana huru, na wale jamaa wakakimbia wakiacha chakula mezani.

Baada ya Misgolas wakafuata wengine, hadi akafika kwa Pittalacus, mtumwa wa serikali mwenye fedha zake, aliyeendesha nyumba ya kamari na kupiganisha majogoo. Hapa Aeschines anakaza sauti. Mwana wa raia, mrithi wa mali, anatumiwa na mtumwa! Kisha Hegesander akarudi kutoka Hellespont, alikokuwa mweka hazina wa jemadari, akiwa na fedha zisizopungua mina 80 (mina moja ni drakma 100), na Timarchus akahamia kwake. Pittalacus alipokuja kulalamika, wawili hao pamoja na wenzao wakavamia nyumba yake usiku, wakavunja dadu na vyombo vya kamari, wakawaua tombo na majogoo, kisha wakamfunga kwenye nguzo na kumchapa viboko. Asubuhi Pittalacus akaenda sokoni akiwa uchi, akakaa kwenye madhabahu ya Mama wa Miungu.

Ni simulizi ya kusisimua. Lakini ushahidi uko wapi? Ukisoma kwa jicho la wakili, shimo linaonekana. Hakuna hata mtu mmoja anayethibitisha kwamba fedha zilitolewa kwa ajili ya mwili. Misgolas aliandikiwa ushahidi wa maneno laini, usiomtia matatani, na Aeschines hakuwa na hakika kama ataukubali: alijiandaa kabisa kwa siku ambayo shahidi angeruka, akiwakumbusha waamuzi kwamba anayekataa kutoa ushahidi hulipa faini ya drakma 1,000. Demosthenes aliyeshikilia utetezi alikuwa na hoja nzuri sana ya kuuliza: kama Timarchus alikuwa kahaba, basi wakusanya kodi ya makahaba wanamjua, waitwe waseme walimtoza lini na kiasi gani.

Jibu la Aeschines ni la ujanja. Anasema raia waungwana hawaendi kuuliza mambo kama hayo kwa wakusanya kodi. Kisha anaongeza kwamba jengo halina jina lake lenyewe. Hupata jina kwa mkaaji. Daktari akihamia humo linaitwa zahanati, mhunzi akihamia linaitwa kiwanda cha chuma, kuwadi akihamia na wasichana wake linaitwa danguro. Nawe Timarchus, anasema, kwa wepesi wa kuifanya kazi hiyo umezigeuza nyumba nyingi kuwa madanguro. Hajathibitisha kitu, lakini bila shaka watu walicheka.

Kicheko ndicho shahidi wake mkuu. Anasimulia jinsi wazee wa Areopago walivyokuja mbele ya Mkutano kutoa maoni kuhusu pendekezo la Timarchus juu ya nyumba zilizokuwa karibu na Pnyx, kilima ambako Mkutano ulifanyika. Hili ni baraza lilelile ambalo wasomaji wa Matendo ya Mitume watalikumbuka: karne nne baadaye Paulo angesimama mbele yake. Mzee Autolycus, mtu mwadilifu asiye na hila, akaanza kueleza kwamba Timarchus analifahamu vizuri zaidi eneo lile la upweke. Watu wakalipuka kwa kicheko. Mzee hakuelewa, akaendelea na maneno mengine ya majengo na mashimo ya maji, na kila neno likachukuliwa kwa maana ya pili. Mtu mmoja akasimama kuwakaripia: hamwoni haya kucheka mbele ya Areopago? Wakajibu kwamba wanajua haifai, lakini ukweli una nguvu. Mahali pengine, anasema, mchekeshaji jukwaani alitaja makahaba wakubwa wa aina ya kina Timarchus, na ukumbi mzima ukageuka kumwangalia mwenye jina.

Kutoka hapo Aeschines anapiga hatua ambayo wakili wa leo angezuiwa kuipiga. Anasema Uvumi ni mungu wa kike, ana madhabahu jijini mwetu, na washairi akina Homer na Hesiod wamemtaja. Uvumi hausemwi na mtu mmoja mwenye chuki. Unazuka wenyewe mjini. Kwa hiyo waamuzi wasimsikilize yeye, bali wasikilize kile wanachokijua tayari. Na muda wote huo, yeye mwenyewe anakataa kutamka matendo yenyewe kwa jina, akijifanya ana haya. Kila mwamuzi aliachiwa ajaze nafasi hiyo kwa porojo aliyoisikia kwa kinyozi.

Penye ushahidi wa kweli ni kwenye mali, na naona ajabu jinsi wasomaji wengi wanavyoliruka eneo hilo. Hapa majina, bei na mahali vinatajwa. Baba yake, Arizelus, alimwachia nyumba nyuma ya Akropoli, shamba Sphettus, kiwanja Alopece, watumwa 9 au 10 mafundi wa ngozi ambao kila mmoja alileta oboli 2 kwa siku na msimamizi wao oboli 3, pamoja na mwanamke mfumaji wa vitambaa vyepesi. Nyumba iliuzwa kwa mina 20. Mama yake alimsihi, akamlilia, amwachie japo kipande cha Alopece azikwe hapo, nacho kikauzwa. Ami yake Arignotus, kipofu, alikuwa akipata riziki kutoka mali ya familia. Baada ya mali kwisha ikabidi aombe posho ya walemavu kwa Baraza, na siku maombi yanasikilizwa Timarchus alikuwa mjumbe humo humo, akakaa kimya, mzee akakosa posho. Kama ningekuwa mmoja wa wale 501, habari za Misgolas zingenitia mashaka, lakini kwa huyo ami kipofu ningemtupia Timarchus kidonge cha hatia.

Basi yale mapenzi yenyewe yalihukumiwaje? Aeschines alitarajia kwamba upande wa pili utamleta jemadari fulani, mtu wa makuzi ya hali ya juu, aje kusema kesi hii ni ushamba na uadui dhidi ya elimu yote ya Kigiriki. Atawataja Harmodius na Aristogeiton, wapenzi wawili waliomuua Hipparchus, ndugu wa mtawala wa mabavu, mwaka 514 KK na ambao Athens iliwajengea sanamu kama wakombozi. Atawataja Achilles na Patroclus, mashujaa wa Homer. Aeschines hashindani na mifano hiyo, anaikumbatia. Anasema haulaumu upendo wa haki. Anakiri mbele ya umati kwamba yeye mwenyewe amewahi kuwafuata vijana, ameandika mashairi ya mapenzi, ameingia katika ugomvi kwa ajili hiyo. Mstari anaouchora ni kati ya kupenda na kununuliwa: anayependwa bila kuharibiwa ana heshima, anayejiuza kwa malipo ameanguka. Ugumu ni kwamba katika maisha ya kila siku zawadi zilitolewa, jogoo, mbwa, farasi, na nani angesema zawadi ikifika wapi inakuwa mshahara? Mstari ambao kila mtu anakubali upo, lakini hakuna awezaye kuuonyesha, ni silaha nzuri mkononi mwa anayeshitaki.

Wataalamu wa siku zetu wamegombana juu ya kiini cha aibu hiyo. Kenneth Dover, mwaka 1978, alisisitiza nafasi ya kila mmoja katika tendo: raia mwanamume anayekubali kutendwa amejishusha mahali pa mwanamke au mtumwa. James Davidson baadaye akapinga kwamba tumelikuza mno hilo. Wagiriki waliogopa zaidi uroho, hamu isiyoshiba, mtu asiyeweza kujizuia mbele ya samaki wa bei, kamari, mvinyo na mapenzi. Kwa hotuba hii naona Davidson yuko karibu zaidi, maana Aeschines anazungumzia ulaji, dadu na wapiga filimbi bila kuchoka, na anamwonyesha Timarchus akiwa jukwaani amevua vazi, mwili umelegea kwa ulevi. Ila Dover naye hasukumwi kando kirahisi: karibu na mwisho Aeschines anamwita Timarchus mtu mwenye mwili wa mwanamume aliyetenda makosa ya kike.

Wala Aeschines hakuwa wa kwanza kuishika silaha hii. Miaka kama 10 kabla yake Demosthenes aliandika hotuba dhidi ya mwanasiasa Androtion iliyokuwa na dai lilelile. Na katika kesi ya Timarchus, Aeschines anamchokoza Demosthenes kwa jina lake la utani, Batalus, na kumcheka kwa mavazi yake laini. Kwa wanawake mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Miaka michache baadaye Apollodorus alimsimamisha mahakamani Neaera, aliyelelewa katika danguro la Corinth, kwa madai kwamba anaishi Athens kama mke halali wa raia huku ni mgeni. Shabaha hasa ilikuwa Stephanus, mwanamume aliyeishi naye, adui wa kisiasa. Apollodorus anaeleza maisha ya Neaera kwa undani ambao Aeschines asingethubutu, kisha anawauliza waamuzi watawaambia nini wake zao, binti zao na mama zao watakaporudi nyumbani kama wamemwachia. Neaera alikuwapo na aliweza kuuzwa utumwani kesi ikimwendea vibaya, lakini hakuruhusiwa kusema neno mahakamani.

Timarchus alishindwa, na mashitaka dhidi ya Aeschines yakachelewa hadi mwaka 343 KK. Safari hii Demosthenes alisimama peke yake, na hasira ya kesi ile ilikuwa bado inachemka. Aeschines alikuwa amewaonyesha waamuzi sanamu ya Solon, mtunga sheria wa kale wa Athens, iliyokuwa kisiwani Salamis, mkono umefichwa ndani ya vazi, kama kielelezo cha staha ya wasemaji wa zamani, tofauti na Timarchus aliyejivua jukwaani. Demosthenes akawajulisha kwamba wenyeji wa Salamis wanasema sanamu ile haijatimiza miaka 50, ilhali Solon aliishi miaka kama 240 nyuma. Mchongaji hakumwona Solon, wala babu yake mchongaji hakumwona. Hoja ilikuwa sahihi. Aeschines akaachiwa huru kwa tofauti ya kura 30.